DISKI YA GB 500, UNATUMIA 117? MPARE GANI WEWE!

Kuna utani ambao sisi Wapare tumeusikia tangu tukiwa na kaptura za shule ya msingi: eti Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili apate pesa ya kuendeshea kesi ya kuku. Na kesi ya kuku ni cha mtoto. Subiri mtu aguse mpaka wa shamba! Jirani akisogeza sale hatua moja tu, babu anavaa koti, anaita ukoo mzima, na shauri linafika baraza la kata hata makande jikoni hayajaiva. Sale, kwa wasiolijua, ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kuonyesha shamba langu linaishia wapi na lako linaanzia wapi. Huku milimani ukiling'oa umetangaza vita.

Sasa mpenzi msomaji, mimi nina swali dogo tu. Kama damu yetu ndiyo hiyo, mbona GB mia tatu na ushee zikipotea ndani ya kompyuta yako unasema "basi yaishe", unaingia mfukoni kununua diski nyingine?

Nasema hivi kwa sababu ya dada mmoja hapa hapa Same mjini. Jina lake nalibana. Ana steshenari yake jirani na barabara kuu, ile inayopitisha mabasi ya Dar na Arusha. Kazi zake ni zile zile za steshenari zote: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti saizi, CV za vijana wanaosaka ajira, na ratiba za mazishi ambazo huwa zinatakiwa jana. Mashine yake ni ya mezani, ya mtumba, aliuziwa ikiwa na kikaratasi ubavuni kimeandikwa GB 500.

Basi bwana, mashine ikaanza vituko. Ule mstari wa diski C ukawa mwekundu kama pilipili. Akihifadhi kazi, anaambiwa nafasi imekwisha. Akichapa kurasa nyingi, inaganda. Fundi mmoja akaja, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akasema diski imechoka, inunuliwe mpya, na yeye anayo moja ya kumpa "kwa bei ya kishkaji". Dada akashtuka, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, njoo unitazamie kabla sijatoa hela ya watu. Mbona niliambiwa ni mia tano?"

"Nakuja dada. Usibonyeze kitu."

Nilipofika nikaangalia C. Ukubwa wake: GB 117. Hapo nikajua diski haijachoka hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba dada ana shamba la heka tano, lakini kwa muda wote huo analima heka moja na robo hivi, na nyingine zimekaliwa na watu asiowajua.

HESABU YA KIWANDANI

Kabla hatujaanza kumshika mtu uchawi, tutoe kwanza ile nafasi ambayo haijaibiwa. Wengi wanafungua kompyuta, wanakuta diski ya GB 500 inasomeka 465, wanaanza kulalama kuwa wamepigwa. Hujapigwa. Kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili. Windows yenyewe inahesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824. Mzigo ni ule ule, vibaba ndiyo viwili tofauti. Ndiyo maana ya GB 500 inasomeka 465, na ya TB 1 inasomeka 931. Flashi ya GB 32 inasomeka 29 na pointi. Hiyo usiifuate, huipati hata ukienda mahakama ya rufani.

Kwa hiyo shamba halisi la dada lilikuwa GB 465. Yeye anatumia 117. Zilizopotea ni 348. Hizo ndizo za kuzifungulia kesi.

FUNGUA RAMANI

Ardhi ikiwa na mgogoro, kitu cha kwanza ni ramani. Kompyuta yenye Windows inayo yake. Shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha gonga Enter. Linatokea dirisha linaloonyesha kila diski kama ubao mrefu uliokatwa vipande. Kila kipande ndiyo patisheni. Chenye mstari wa buluu juu ni shamba lenye mwenyewe. Chenye mstari mweusi, kimeandikwa "Unallocated", ni ardhi isiyo na mtu: ipo, ni yako, lakini haijapewa herufi wala haijalimwa.

Ramani ya dada ilikuwa hivi, kutoka kushoto kwenda kulia. Kipande kidogo cha mwanzo cha MB 100 cha kuwashia mashine. C yenye GB 117. Kipande kimeandikwa RECOVERY, GB 15. Kingine cha GB 203 kisicho na jina wala herufi. Mwisho, cheusi, GB 130.

Nikamwonyesha dada. Akaweka mkono kiunoni.

"Sasa hawa ni kina nani ndani ya mashine yangu?"

Swali zuri. Twende nao mmoja mmoja.

WALIOKALIA SHAMBA

Huyu wa GB 130, mweusi, ni uzembe wa fundi tu. Mtu alikuwa anapiga Windows, akakata kipande, kingine akasema atakishughulikia baadaye, akasahau. Mtindo huu umejaa kwenye mashine za mtumba.

Yule wa GB 203 asiye na jina ni mpangaji aliyehama akaacha godoro. Mara nyingi kipande cha namna hii ni Linux. Kuna mtu alijaribu kuiweka kando ya Windows, ikamshinda au ikamchosha, akaendelea na Windows yake. Na siku hizi hawa watazidi, maana Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 ya kawaida masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na wenye mashine za zamani ambazo Windows 11 inazikataa wanajaribu Linux. Si vibaya hata kidogo, Linux ni bomba na ni ya bure. Ubaya ni kuiacha nusu. Windows haiwezi kusoma vyumba vya Linux, hivyo inaviona kama nyumba iliyofungwa: haiingii, na haikupi nafasi yake.

Huyu wa GB 15, RECOVERY, ni mzee wa zamani. Mashine ilipotoka kiwandani ilikuwa na Windows 7, na kampuni iliyoitengeneza iliweka humo nakala ya kuirudisha kama mpya. Windows 7 yenyewe iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020. Ina maana kwamba dada alikuwa anamtunzia mtu sare ya shule ambayo haimtoshi tena.

Utauliza, kwani kukatakata diski kulianza lini? Kwa kompyuta za ukoo huu wa PC kulianza mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT yenye diski ya MB 10. Ndiyo, MB kumi, ambazo leo zinaweza kujazwa na picha mbili tatu za simu yako. DOS 2.0 ya mwaka huo huo ikaja na jedwali dogo mwanzoni mwa diski, linalosema kipande hiki kinaanzia hapa kinaishia pale. Jedwali lile lilikuwa na mistari minne tu, na mashine nyingi za mtumba zinalitumia mpaka leo. Ndiyo maana zile zilizotoka kiwandani zimeshajaza mistari yote minne zinagoma ukitaka kuongeza kipande cha tano. Windows itakuambia iigeuze diski kuwa "dynamic". Kataa! Ukikubali, baadaye hata kupiga Windows upya kwenye diski hiyo kunaweza kuwa shughuli pevu. Mashine mpya zinatumia jedwali linaloitwa GPT, ambalo kwa Windows linabeba vipande 128, na hapo hamna ugomvi.

Hili jedwali ulikumbuke, maana ndilo lililonitoa jasho mimi.

SIKU NILIYOTAKA KUHAMA SAME

Hii nilikuwa sijawahi kuisimulia. Ilikuwa Desemba 2021, kipindi kile Wapare wote walioko Dar wanarudi nyumbani kula Krismasi na mabasi yanajaa. Mama mmoja, katibu wa kikundi cha VICOBA kutoka kijiji cha huko juu milimani, alikuja na diski yake ya nje. Ndani yake mlikuwa na hesabu za mwaka mzima: nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani kalipa riba. Wiki inayofuata wanavunja mzunguko, wanagawana. Alitaka nimchapie zile karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Daftari letu la mkono liliishia Septemba, lilinyeshewa. Yote yako humu."

Nikachomeka diski yake kwenye laptop yangu. Kumbe kulikuwa na flashi yangu ya GB 16 imechomekwa tangu asubuhi, ile niliyokuwa nimeitumia kuwekea Linux ikawa imepungua ukubwa. Printa ilipokuwa inapasha, mimi nikajitia mjuaji: ngoja niirudishe hii flashi chap chap. Nikafungua diskpart, nikaandika list disk. Zikaja tatu: 0, 1 na 2. Kichwani mwangu flashi ilikuwa namba 1, kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Nikaandika select disk 1. Nikaandika clean. Nikagonga Enter.

Diskpart haikuulizi kama una uhakika. Haina hata salamu. Ikajibu kwamba imefanikiwa kusafisha diski. Nikatupa macho kwenye ile orodha tena: namba 1 ilikuwa na ukubwa wa GB 465. Flashi yangu ndiyo ilikuwa namba 2.

Wewe acha tu. Miguu iliisha nguvu. Yule mama amekaa kwenye kiti cha plastiki anakunywa soda yake, wanawake wenzake ishirini na nane wanasubiri mgawo, na mimi nimefuta mwaka wao mzima kwa neno moja la herufi tano.

"Mwanangu, mbona unatoa jasho na feni inazunguka?"

"Joto la Same tu, mama."

Kilichoniokoa ni kitu kimoja: sikugusa tena. Windows ikaniletea dirisha inataka "kuandaa" diski, nikalifunga. Ilitaka kufomati, nikakataa. Maana ile clean ya kawaida haifuti shamba, inafuta hati. Inaondoa jedwali linaloonyesha mipaka. Mahindi bado yamesimama pale pale, ila hakuna karatasi inayosema ni ya nani. Ukianza kuandika vitu vipya juu yake, hapo ndiyo unalima juu ya mahindi ya mtu. Na kuna ndugu yake aitwaye clean all, huyo anapita diski nzima akiandika sifuri. Huyo akipita, nenda katubu.

Kuna programu ya bure inaitwa TestDisk. Haina sura, ni maandishi meupe kwenye giza, lakini kazi yake ni kutembea ndani ya diski ikitafuta alama za mipaka ya zamani, kama wazee wa ukoo wanaokumbuka masale yalipokuwa. Nikachagua diski, nikachagua Analyse, kisha Quick Search. Ikakaa. Ikakaa. Ikaleta mstari mmoja: patisheni moja ya NTFS, ukubwa karibu wote wa diski. Nikabonyeza P kuona yaliyomo. Nikaona folda. Nikaona faili la hisa.

Hata hapo sikuwa na haraka. Nililinakili kwanza lile faili kwenye diski ya laptop yangu, nikalifungua, nikaona majina na hesabu za wale akina mama, ndipo nikairuhusu TestDisk iandike jedwali upya. Nilipomaliza jua lilikuwa linazama. Nikamweleza mama ukweli wote, maana kunyamaza nilishindwa. Alinyamaza kidogo, akaniangalia.

"Ungenipeleka wapi mimi na wenzangu?"

Sikuwa na jibu. Nilimchapia karatasi bila malipo, nikamnunulia flashi, nikamwekea nakala ya pili. Mali bila daftari huisha bila habari, na sasa najua hata daftari likiwa moja tu, habari inaweza kuisha vile vile.

Nyongeza kwa wenye diski za kisasa za SSD: huko bahati hii ni ndogo. SSD nyingi zikishaambiwa eneo fulani halina kitu, zinalisafisha zenyewe kimya kimya, na TestDisk itakuta uwanja mtupu. Usijipe moyo kwa hadithi yangu.

KABLA YA KUNG'OA SALE LOLOTE

Kwa hiyo kwa dada wa steshenari sikugusa mpaka hata mmoja kabla ya mambo haya, na wewe uyafanye.

Kwanza, nakala. Tulichukua diski ya nje tukanakili kila kitu chake: CV, madeni, picha, ratiba. Tulitumia karibu mchana mzima. Dada akalalamika wateja wanasubiri. Nikamwambia wasubiri.

Pili, angalia ukubwa wa diski, usiangalie namba. Namba hubadilika kila ukichomeka na kuchomoa. Na vitu vyote usivyohitaji, vichomoe.

Tatu, kama kompyuta yako ni mpya mpya, hakikisha kama imefungwa kwa BitLocker. Nyingi zenye Windows 11 hufungwa zenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ukicheza na mipaka, ikiwaka inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uutafute kwenye akaunti yako na uuandike kwanza.

Nne, umeme. Laptop iwe imejaa chaji na iko kwenye soketi. Mashine ya mezani, chagua siku ambayo umeme haujaanza kuchezacheza.

KAZI YENYEWE

Wengi wanachokosea na Linux ni kukimbilia kuifuta. Linux ikiingia huwa inaweka mlinzi wake mlangoni, anaitwa GRUB, ndiye anayekuuliza ukiwasha mashine unataka kwenda wapi. Ukifuta vyumba vya Linux bila kumwondoa mlinzi, asubuhi ukiwasha anakutolea maneno "grub rescue" na Windows huioni. Haijafa, ila mlinzi amepotelewa na ofisi yake.

Kwa hiyo sisi tulimrudisha mlinzi wa Windows kwanza. Mashine ya dada ni ya zamani, ya jedwali la mistari minne. Tukawasha kwa flashi yenye Windows, tukachagua kukarabati badala ya kuingiza, tukafika kwenye Command Prompt, tukaandika bootrec /fixmbr. Tukazima, tukawasha: Windows moja kwa moja, bila kuulizwa swali. Sasa mpangaji anaweza kuondolewa. Kwa mashine mpya zenye UEFI ni rahisi zaidi: ingia kwenye mipangilio ya kuwashia, weka "Windows Boot Manager" iwe ya kwanza.

Tukarudi kwenye ramani. Kipande cha GB 203, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, "Delete Volume". Kikawa cheusi, kikaungana na mwenzake wa 130. Jumla 333. Dada akapiga makofi.

Lakini nilipobonyeza C nikitafuta "Extend Volume", maneno yalikuwa yamefifia, hayabonyezeki. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kumwita fundi wa bei ya kishkaji.

Sababu ni ya kishamba kabisa. Windows inapanua patisheni kuelekea kulia tu, tena iwe ardhi inayogusana nayo. Kati ya C na zile GB 333 alikuwa amekaa yule mzee RECOVERY. Huwezi kuongeza shamba lako kwa kuruka shamba la mtu.

Mzee huyu haondolewi hivi hivi. Kuna RECOVERY mbili duniani: ile ya kiwandani ya zamani, na ile ya Windows unayotumia sasa, ambayo mara nyingi ni ndogo, kati ya MB 500 na GB 1, na ndiyo inayokusaidia mashine ikigoma kuwaka. Ya pili usiiguse bila sababu. Kujua ipi ni ipi, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika reagentc /info. Itakutajia patisheni inayotumiwa na Windows yako kujikarabati. Ya dada ilikuwa ndani ya C yenyewe. Kwa hiyo mzee wa GB 15 hakuwa na kazi. "Delete Volume", akaenda kupumzika.

Sasa weusi wote ukaungana: 15, 203 na 130, GB 348, zimegusana na C. "Extend Volume" ikawaka. Hatukuimaliza yote. C tuliiongezea GB 100, ambazo dirisha lile linataka uziandike kwa MB, yaani 102400. Ikawa 217. Zilizobaki 248 tukazifanya D, tukaipa jina KAZI.

Kwa nini tusiimwage yote kwenye C? Kwa sababu Windows ikiharibika, na itaharibika, utaweza kuipiga upya kwenye C na kazi zako za D zikabaki salama. Ila tusidanganyane: C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikiungua, vyote vimeungua. Nakala ya nje inabaki pale pale.

Na wewe ambaye RECOVERY iliyokuzibia njia ni ile inayotumika, usilazimishe. Ipo programu ya bure iitwayo GParted, inawashwa kwa flashi, inaweza kuisogeza. Lakini kusogeza ni kubeba kila baiti kutoka hapa kwenda pale, kwa patisheni kubwa ni saa nyingi, na umeme ukikatika katikati ni msiba. Njia ya mtu mwenye akili timamu ni kuiacha C ilivyo, ile ardhi nyeusi uifanye D kwa "New Simple Volume", halafu hamishia huko picha, muvi na kazi. C itapumua yenyewe.

NA FLASHI ILIYOSINYAA

Hii ni kwa vijana wa muvi na nyimbo. Ukitumia flashi kuwekea Linux, ukiirudisha inaweza kusomeka kidogo sana, huku wenye maduka wakikuambia imekufa. Haijafa, imekatwa vipande. Fungua diskpart kama msimamizi, andika list disk, tazama UKUBWA (unanielewa), kisha select disk na namba yake, clean, create partition primary, format fs=exfat quick, assign. Imerudi. Kama unaitumia kwenye redio ya sabufa ya zamani, huenda ikahitaji FAT32 badala ya exFAT, ila FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4.

Na kama ulinunua flashi ya TB 2 kwa bei ya chipsi mayai, usihangaike na diskpart. Zipo flashi za uongo ambazo ndani zina GB chache tu, zimefundishwa kudanganya. Unazijaza, zinapokea, kesho faili hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw itaijaza flashi na kuisoma tena, ikuambie ukweli. Nafasi ile haikupotea. Haikuwahi kuwepo.

MWISHO WA KESI

Juzi nilipita steshenari. Foleni imefika barazani, printa inalia, dada anachapa ratiba ya mazishi huku anaongea na simu. Akaniambia yule fundi alirudi kuulizia ile diski mpya atailipia lini. Dada hakubishana naye. Alimfungulia ramani, akamwekea kidole kwenye D, akamwuliza kwa upole kabisa kama anajua hizo GB 248 zilikuwa za nani.

Fundi akaaga kuwa anawahi basi.

Haya msomaji wangu, leo usiku kabla ya kulala fungua ramani ya mashine yako. Ukikuta weusi, ni wako. Tuonane wiki ijayo.